Miguu ya Nyuma

Baba yangu alikuwa miguu ya nyuma ya farasi kwa miaka ishirini na tisa. Nalisema hilo kwanza kwa sababu watu wakisikia baba yangu ni mwigizaji wa kabuki, ule mchezo wa kale wa jukwaani wa Kijapani, hudhani ni yule wa kwenye mabango, mwenye uso mweupe na macho yaliyokodolewa. Siyo. Farasi wa jukwaani ana watu wawili ndani yake. Wa mbele huona njia kupitia tundu lililoko shingoni. Wa nyuma ameinama, amemshika mwenzake kiunoni, haoni kitu ila mgongo wa mwenzake, na uzito wa anayepanda unamlalia yeye. Wa mbele alikuwa Ami Fuku. Wa nyuma alikuwa baba.

Jina lake la jukwaani lilikuwa Umeshichi. Sugimoto Kanji, jina alilozaliwa nalo, lilikuwa la ofisi ya mtaa na la kadi ya mgao wa mchele. Mama alimwita Baba Chizu. Chizu ndiye mimi. Shule niliiacha darasa la nne ilipoungua kwa mabomu, na walipoijenga tena nilikuwa nimeshazoea sindano. Nashona soksi za waigizaji, zile zenye kidole gumba pembeni. Kwa hiyo mimi najua zaidi miguu ya watu kuliko nyuso zao, na huenda ndiyo maana mambo ya mwaka ule mpaka leo siyaelewi vizuri.

Ulikuwa mwaka wa sita tangu vita viishe, mwezi wa pili, baridi ya Osaka ikiwa imekaza. Baba alirudi kutoka nyumbani kwa Mwalimu, mkuu wa nyumba yetu ya waigizaji, Iwashiro, mzee wa miaka sabini na moja. Alivua mitalawanda mlangoni, akaipanga, akaipanga tena.

"Mwalimu amesemaje?" mama akauliza.

"Amesema jina la Tokujuro limekaa sandukuni miaka thelathini na moja. Linapata ukungu."

"Na wewe umetumwa ukalianike?"

"Nimeambiwa nilivae."

Mama alikuwa anakata figili. Akaacha. "Wewe? Si wewe ni farasi?"

"Nusu farasi," baba akasema.

Mama akacheka mpaka kisu akakiweka chini. Baba naye akacheka kidogo, na figili ile tuliila ikiwa vipande vikubwa visivyolingana.

Jina la jukwaani la namna hiyo hurithiwa, na Tokujuro walikuwa watatu kabla yake. Wa kwanza na wa pili hawajulikani sana. Wa Tatu alikufa kwa mafua makubwa, na hakuwa na mtoto wa kiume, basi jina likalala. Anayelivaa huvaa na kazi yake pia: tarishi wa vita. Katikati ya mchezo tarishi anaingia juu ya farasi kwenye njia ya mbao inayotoka nyuma ya ukumbi na kupita katikati ya watazamaji. Karibu na jukwaa anamsimamisha farasi, anakaa kimya akitazama, halafu anakwenda kumwambia mke wa bwana wake kwamba bwana amekufa. Dakika nne tu. Lakini ni juu ya farasi, siyo ndani.

Na lilikuwepo jambo la pili ambalo baba alilisema tukiwa tunatandika kulala.

"Mwalimu anasema yeye hutoa jina, ila siyo yeye anayelikalisha mtu mwilini. Wanaolikalisha ni watu wa juu."

Watu wa juu ni wale wazee wa viti vya rahisi, safu ya mwisho kabisa, karibu na dari. Hawapigi makofi. Mwigizaji akifika mahali pake, mmoja wao huita kwa sauti moja, fupi, jina la nyumba yake au namba yake katika ukoo wa jina. Kwa baba wangetakiwa kuita "Wa Nne". Hakuna anayewalipa, na hakuna anayeweza kuwaomba.

"Maonyesho ni siku ishirini na tano," baba akasema. "Kama mpaka siku ya mwisho hawajaita, jina linarudi sandukuni. Hakuna atakayenilaumu."

"Na wewe utarudi kuwa Umeshichi," mama akasema.

"Umeshichi keshapewa Shinji."

Shinji alikuwa mwanafunzi wa miaka kumi na tisa, mtoto wa muuza samaki, mpole, mwenye mabega mapana. Alikuwa amechukua jina la baba pamoja na miguu ya nyuma, kama mtu anavyohamia chumba kwa sababu mwenyewe amehamia kingine.

"Sasa wasipoita utakuwa nani?" mama akauliza.

Baba akajifunika shuka mpaka kidevuni. "Nitakuwa na kadi ya mgao wa mchele," akasema.

Kabla ya maonyesho kuanza tulikwenda makaburini. Baba alipiga magoti mbele ya jiwe la Wa Tatu, akamwagia maji, akaomba ruhusa. Wa Tatu hakukataa. Mama akapewa picha yake aiweke kwenye madhabahu ya nyumbani, pale tunapowawekea marehemu wetu wali asubuhi. Tangu siku hiyo kila kulipokucha nilimwekea Tokujuro bakuli dogo la wali, nikapiga kengele, nikageuka, Tokujuro yuko nyuma yangu anatafuta soksi. Siku ya tatu nilimuuliza mama kama niendelee.

"Endelea," mama akasema. "Yule wa pichani haombi kuongezewa."

Wageni wakaanza kuja, na mimi kazi yangu ilikuwa kuleta chai na kukaa kimya. Alikuja mzee mmoja mwenye kiwanda cha miavuli, aliyekuwa akiifadhili nyumba ya Iwashiro tangu zamani. Akamkagua baba kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mwaka ule kule Nagoya ulinitia aibu," akamwambia. "Nilileta wageni wangu wanane, ukapanda jukwaani umelewa. Ukasahau maneno."

Baba hajawahi kulewa. Sake, pombe ya mchele, hata kidogo tu humpa chafya. Lakini aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Naomba radhi, mzee wangu. Halitatokea tena."

"Tutaona, Tokujuro. Uliniambia hivyo hivyo wakati ule."

Alipoondoka nikamuuliza baba kwa nini ameomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

"Ni la jina," akasema. "Jina sasa ni langu."

"Basi na ulevi nao ni wako?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, si kwamba alinipuuza. "Sijui, mwanangu. Labda nitaambiwa."

Mwingine aliyekuja ni Bibi Orie, binti wa Wa Tatu, ambaye umri wake ulikuwa umeshavuka wa baba. Alikaa mbele yake, akatoa kitambaa kwenye mkono wa kimono, akapangusa macho. "Umekonda, baba," akamwambia. Mama yangu akaangalia dari.

Tatizo lilikuwa namna ya kutazama. Pale farasi anaposimama, Wa Tatu alikuwa anatazama wapi? Hakuna picha, hakuna kitabu. Mwalimu, aliyekuwepo akiwa kijana, alisema aligeuza kichwa kushoto taratibu kama anayeangalia bahari. Bibi Orie alisema hapana, baba yake alitazama mbele moja kwa moja, na chozi lilikuwa likimtoka jicho la kulia.

"Jicho la kulia peke yake?" baba akauliza kwa heshima.

"La kulia. La kushoto lilibaki na vita."

Baba alifanya mazoezi ya yote mawili nyumbani, amekaa juu ya magodoro yaliyokunjwa, mkononi ameshika ufagio kuwa hatamu. Anageuka kushoto, anarudi, anakodoa jicho la kulia. Mama akipita anasema, "Baba Chizu, unaumwa?" Halafu mchana baba alikuwa anakwenda kumfundisha Shinji. Hakuna aliyemtuma. Nilimsikia mara moja nilipopeleka soksi kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi.

"Usihesabu ngoma. Hesabu mgongo wa Fuku. Ngoma zinadanganya, Fuku hadanganyi."

"Fuku ananuka vitunguu, kaka," Shinji akasema.

"Ndiyo hivyo. Ukipotea gizani fuata vitunguu."

Ami Fuku akajibu kutoka ndani ya ngozi ya farasi: "Nawasikia nyote wawili."

Siku ya kwanza ikafika. Baba alipiga magoti jukwaani katika nguo za heshima, Mwalimu pembeni yake, na Mwalimu akawaomba watazamaji wampokee Iwashiro Tokujuro wa Nne aliyekuwa Umeshichi. Wakapiga makofi. Watu wa juu hawakusema kitu, lakini hapo si mahali pao, hapo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Tulingoja tarishi.

Baba aliingia juu ya farasi. Deraya nyekundu, upanga, jasho likipita kwenye rangi nyeupe. Akasimama mahali pake. Alichagua bahari ya Mwalimu. Akageuza kichwa kushoto, taratibu. Ukumbi ulinyamaza, kule juu kukanyamaza zaidi. Nilihesabu mpaka tisa. Farasi akaondoka.

Siku ya pili kimya. Ya tatu, kimya. Siku ya nne akajaribu jicho la Bibi Orie. Kimya.

Kwa desturi anayempanda farasi humpa farasi majani, yaani huwaletea wale wa ndani kitu kidogo cha kuwashukuru. Baba alikuwa anawapelekea maandazi ya mchele kila siku, na Ami Fuku aliniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kuona mpandaji anayewauliza farasi kama wamelala vizuri.

Siku ya tisa nikapanda juu kukaa na watu wa juu mwenyewe. Nilitaka kuwaona. Hawakunijua mimi ni nani, na sikuwaambia. Kwenye ukuta wa nyuma alikaa Mzee Ikeuchi, fundi wa mitalawanda, mikono yake ina makovu ya patasi. Pembeni yake alikuwepo kinyozi mmoja anayekula karanga.

Baba akapita chini yetu juu ya farasi, akasimama, akatazama bahari, akaenda zake.

"Mbona huiti?" kinyozi akauliza.

"Nimwite nani?"

"Si Tokujuro huyo."

"Tokujuro nilimwona mimi nikiwa na miaka ishirini na mbili. Akikaa juu ya farasi, farasi anajua amekaliwa. Huyu anakaa kama mtu anayemwomba farasi radhi."

Kinyozi akatema ganda. "Walisema siku ya kwanza. Ndiye yule Umeshichi wa zamani, miguu ya nyuma."

"Nilisikia. Masikio yangu yamekubali. Macho yamekataa." Mzee Ikeuchi akakuna goti. "Umeshichi nilikuwa namtazama mimi. Watu wanaangalia panga, mimi naangalia miguu, ndiyo kazi yangu. Kisigino cha kushoto kilikuwa kinatua kwanza, taratibu, kama anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Farasi wa mwaka huu nyuma anakwenda kama anashuka ngazi."

"Sasa Umeshichi yuko juu, na aliyeko chini anaitwa Umeshichi."

"Ndiyo nakwambia. Wamenichanganya. Nikifungua mdomo sijui kitatoka nini, kwa hiyo naufunga."

Niliteremka bila kuaga. Nilitaka kumwambia baba akae vizuri, ampe farasi uzito wake. Lakini usiku mama alipokuwa akimkanda, niliona mapaja yake yamevilia damu yote mawili. Alikuwa anajinyanyua kwenye vikanyagio muda wote, dakika nne nzima, kila siku, ili asimlalie Shinji. Mama alikuwa ameshaelewa.

"Kaa chini, Baba Chizu," alikuwa anamwambia huku akikanda. "Yule kijana ana mabega ya kubeba gunia."

"Mimi najua kulivyo kule ndani."

"Ulikuwa unamlaumu nani alipokukalia?"

"Hakuna. Ndiyo kazi."

"Basi nayo ni kazi yake."

"Najua," baba akasema. "Kichwani najua. Nikifika kwenye tandiko, makalio hayakubali."

Siku ya kumi na tano. Siku ya kumi na nane. Mwalimu alianza tu kumwita baba "wewe", bila jina. Mimi nilikuwa sijui nimwombee nani kwenye madhabahu, maana kumwomba Tokujuro amsaidie Tokujuro niliona ni kumtaabisha mtu mmoja mara mbili. Nikawa naweka wali, napiga kengele, nanyamaza.

Siku ya ishirini na mbili nilikuwa juu tena. Shinji alikuwa na goti lililovimba, alikuwa ameliumiza asubuhi akibeba masanduku, hakumwambia mtu ila Ami Fuku. Farasi akatoka kwenye pazia akija kwenye njia ya mbao, na hata mimi niliona nyuma inaburuta. Akafika mahali pa kusimama. Ngoma zikanyamaza. Baba akaanza kugeuza kichwa kushoto.

Nyuma ya farasi ikashuka. Haikuanguka, ilikunjika taratibu, kama mwavuli. Wanawake wa viti vya kando ya njia ya mbao wakaondoa mikono yao. Ngoma zilikuwa zimenyamaza na mpigaji hakujua apige nini.

Baba akateremka. Sidhani aliamua. Nilimwona usoni kutoka kule juu, hakuwa na sura ya mtu anayeamua, alikuwa na sura anayokuwa nayo akisikia sufuria inachemka jikoni. Akashuka na deraya yake yote, akazunguka nyuma ya farasi, akapiga goti, akaingiza bega la kushoto chini ya nyonga ya farasi, akachutama. Kisigino cha kushoto kikatua kwanza. Halafu akanyanyua, na farasi akapanda naye. Alipofika katikati, magoti yamekunjwa, uso umetazama mbao, akakaa pale akingoja Shinji apate pa kukanyaga. Ukumbi mzima ulikuwa unamwangalia tarishi wa vita aliyebeba farasi wake.

Pembeni yangu Mzee Ikeuchi akasimama. Alikuwa hasimami kamwe.

"Umeshichi," akaita.

Sauti ilikwenda mpaka jukwaani ikarudi. Kisha kinyozi akaita. Kisha mwingine upande wa pili. Umeshichi, Umeshichi. Miaka ishirini na tisa hakuna aliyewahi kuliita jina lile, kwa sababu nani humwita aliyemo ndani ya farasi. Baba alitikisika. Nilidhani uzito umemshinda. Akamaliza kumnyanyua, akashika hatamu, akamwongoza farasi kwa miguu mpaka jukwaani, na kumwambia yule mke kwamba bwana amekufa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani wala popote.

Nilikimbia ngazi zote mpaka mlango wa nyuma. Shinji alikuwa amekaa juu ya sanduku, goti limefungwa kitambaa cha maji baridi, anacheka na machozi yanamtoka.

"Wameniita," alikuwa anamwambia kila anayepita. "Mmewasikia? Goti limenishinda lakini nimenyanyuka tena, wakaniita. Siku ishirini na mbili tu za Umeshichi na wameshaniita."

Ami Fuku akafungua mdomo. Baba, aliyekuwa bado na deraya, akamgusa mkono.

"Nimewasikia," baba akamwambia Shinji. "Wamekuita vizuri."

"Nani kamwita nani?" Ami Fuku akanong'ona kwangu.

Kwa hesabu ya nyumba yetu Shinji alikuwa sahihi. Umeshichi ni yeye, hakuna mwingine mwenye haki ya kuitikia. Nilimtazama baba nione kama amefurahi au ameumia. Alikuwa anafungua kamba za deraya, moja baada ya nyingine.

Mwalimu akaja na fimbo yake. Watu wakapisha.

"Wewe," akamwambia baba. "Kesho ushuke tena."

"Mwalimu, ile ilikuwa ajali. Nisamehe. Tokujuro hashuki."

"Kuanzia leo anashuka. Farasi anachoka pale, tarishi anamnyanyua, anakwenda kwa miguu. Wa Tano atafanya hivyo, na wa Sita."

"Na bahari?"

"Bahari gani? Wa Tatu shingo ilikuwa imemkaza mwaka mzima, haikuweza kukaa sawa. Sisi vijana tukasema anaangalia bahari." Akageuka kuondoka, akasita. "Fuku, mfundishe kijana kukunjika kama leo. Ila bila goti."

Mara Bibi Orie akatokea, kitambaa mkononi. Alikuwa ameketi chini, kiti cha mbele. Akaushika mkono wa baba na rangi yake nyeupe.

"Ndivyo ulivyokuwa ukifanya," akasema. "Nilikuwa nimesahau. Ulikuwa unashuka, kila siku ulishuka."

Bibi Orie alipogeuka kwenda zake, Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Hakushuka hata siku moja." Nikawatazama wote wawili. Kila mmoja alikuwa na uhakika wake na uzee wake, na aliyekuwepo kati yao alikuwa amekufa.

Siku ya ishirini na tatu baba alishuka, watu wa juu wakanyamaza. Ya ishirini na nne wakanyamaza. Mzee Ikeuchi nilimsikia akimwambia kinyozi, "Juzi nilimwita aliyekuwa amejisahau. Jana na leo anajikumbuka."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, siyo baba. Mama ndiye aliyemwambia, kwa namna yake. Alimwekea baba bakuli la tambi na kipande cha tofu tamu ya soya juu, akakaa mbele yake.

"Kesho ni ya mwisho. Shinji goti limepona?"

"Limepona."

"Basi kesho mkalie. Mkalie kama alivyokukalia kila mtu. Ukimwonea huruma kabla hajachoka, utamwonea huruma gani akishachoka?"

Baba akavuta bakuli. Alikula tambi zote, akanywa mchuzi.

Siku ya ishirini na tano nilikaa pale pale, bega langu linakaribia la Mzee Ikeuchi. Pazia likafunguka na farasi akatoka, na nyuma ya farasi ilikuwa imeshuka kidogo, si kwa kuumwa, ni kwa uzito. Baba alikuwa amekaa. Mgongo wote, makalio yote, miaka yote. Kinyozi aliacha kutafuna. Farasi akafika mahali, akakunjika kama alivyofundishwa, na tarishi hakushuka upesi. Alikaa juu ya farasi aliyekunjika kwa muda wa pumzi tatu, hatazami bahari, hatazami mbele, anatazama shingo ya farasi wake. Ndipo akashuka. Kisigino cha kushoto kwanza.

"Wa Nne," Mzee Ikeuchi akaita, bila kusimama.

Akaita mara moja tu, na hakuna mwingine aliyeita, maana haikuhitajika. Chini baba hakutikisika. Alimnyanyua farasi, akashika hatamu, akaenda.

"Haya, ndiye," Mzee Ikeuchi akamwambia kinyozi, akanyoosha mkono kwenye karanga zake.

Nyumbani mama alikuwa anangoja na sake kidogo. "Wamekuita?"

"Wamemwita," baba akasema.

"Nani?"

Baba akanyoosha vijiti vya kulia kuelekea picha kwenye madhabahu, halafu akavirudisha kwake, vikakaa katikati hewani. Kisha akavitumia kuchukua figili. Akanywa sake, akapiga chafya.

Jina likabaki. Mzee wa mwavuli akatuma mwavuli mpya na salamu kwamba yale ya Nagoya ameyasamehe. Mimi bado naweka wali asubuhi.

Mwezi wa nne Shinji alikuja kutusalimu, ameleta samaki kutoka kwa baba yake. Alikaa mkao wa adabu, magoti yamebana, anazungusha kikombe cha chai. Alisema watu wa juu sasa wanamtazama kila akiingia ndani ya farasi, na mmoja, fundi wa mitalawanda, amemsimamisha njiani akamwambia Umeshichi wa kwanza alikuwa hatui hivyo.

"Nataka kufuata mwendo wake," akamwambia baba. "Lakini hakuna anayeweza kunieleza. Kaka, Umeshichi wa kwanza alikuwa mtu wa namna gani?"

Mimi nilikuwa nashona pembeni. Mama alikuwa anaparua magamba ya samaki, akapunguza sauti ya kisu. Nilingoja baba acheke, aseme ndiye yeye.

Baba alikunja uso, akatazama mkeka kama mtu aliyeulizwa habari za jirani aliyehama zamani.

"Simkumbuki vizuri," akasema. "Alikuwa haonekani sana. Muulize Fuku."